Maswali na Majibu: Haki za Binadamu na Demokrasia katika Sera ya Nje ya Ulaya

Maelekezo. Funika jibu, andika lako, kisha linganisha. Idadi ya alama ndiyo inayokuonyesha urefu wa jibu: alama 2 ni hoja mbili, si ukurasa mzima. Mfano usio na mahali wala mwaka haupewi alama. Mtahiniwa wa Malindi, Magarini au Kilifi hana udhuru wa kukosa mfano, kwani mmoja wa mifano bora ya mada hii ulitokea Dakatcha.

1. Toa maana ya kukuza haki za binadamu na demokrasia kupitia sera ya nje. (alama 2)

Ni kutumia diplomasia, misaada, biashara na vikwazo (alama 1) ili kuishawishi au kuishinikiza nchi nyingine iheshimu haki za watu wake na ifanye uchaguzi huru (alama 1). Shika maneno hayo mawili: kushawishi na kushinikiza. Ukiandika "kuilazimisha" au "kuitungia sheria", alama ya pili imepotea. Sera ya nje haitungi sheria ya nchi nyingine.

2. Taja ibara inayouongoza Umoja wa Ulaya katika suala hili, na ueleze mambo mawili inayoyadai. (alama 3)

Ni ibara ya 21 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya, kama ulivyorekebishwa na Mkataba wa Lisbon ulioanza kutumika tarehe 1 Desemba 2009 (alama 1). Dai la kwanza: hatua za Umoja nje ya mipaka yake ziongozwe na demokrasia, utawala wa sheria na haki za binadamu (alama 1). Dai la pili: pawe na uwiano kati ya sera zake za nje, na kati ya hizo na sera zake nyingine (alama 1).

Dai la pili ndilo watahiniwa wanalolisahau, na ndilo lenye uzito zaidi. Bila uwiano, mkono mmoja unaweza kufadhili haki huku mwingine ukiivunja. Kariri neno hilo: uwiano. Litarudi katika swali la 7.

3. Tofautisha Umoja wa Ulaya na Baraza la Ulaya. (alama 4)

Umoja wa Ulaya una nchi wanachama 27. Baraza la Ulaya lina nchi 46 (alama 2). Umoja una sera ya nje ya pamoja, inayosimamiwa na Mwakilishi Mkuu pamoja na mabalozi wake, akiwemo wa Nairobi. Baraza la Ulaya, lililoundwa 1949 na kukaa Strasbourg, hulinda haki ndani ya nchi wanachama wake, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ni yake (alama 2). Kuandika kwamba mahakama ya Strasbourg ni ya Umoja wa Ulaya ni kosa la kila mwaka.

Mtego wa jirani: mwaka 1990 Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norway katika mzozo uliohusu mwanasiasa wa upinzani Koigi wa Wamwere. Norway si mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Itumie kama mfano wa nchi ya Ulaya, usiitumie kama mfano wa Umoja.

4. "Shinikizo la wafadhili ndilo lililoleta vyama vingi Kenya." Jadili. (alama 6)

Kuunga mkono: Novemba 1991 wafadhili, wengi wao nchi za Ulaya, walikutana Paris na kuzuia misaada mipya kwa Kenya (alama 1). Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee, kiliondolewa (alama 1). Ukaribu wa tarehe hizi unaonyesha nguvu ya shinikizo la fedha (alama 1).

Kupinga: Wakenya walikuwa wameanza kabla ya Paris. Mkutano wa Saba Saba, wa kudai vyama vingi, uliitishwa tarehe 7 Julai 1990, na watu walifungwa na kuuawa kwa ajili yake (alama 1). Viongozi wa dini na mawakili walikuwa wakidai mageuzi hadharani (alama 1). Hitimisho: shinikizo la nje liliharakisha jambo lililoanzishwa na wananchi (alama 1). Andika "liliharakisha". Anayeandika "lilileta" anawanyang'anya waliofungwa haki yao, na alama ya hitimisho hapati.

5. Tofautisha "kipengele muhimu" na "kipengele cha msingi" katika Mkataba wa Cotonou. Toa mfano wa matokeo ya kuvunja kipengele muhimu. (alama 5)

Mkataba wa Cotonou ulitiwa saini Juni 2000 kati ya Umoja wa Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki. Vipengele muhimu vilikuwa pamoja na haki za binadamu, misingi ya demokrasia na utawala wa sheria (alama 1). Kipengele cha msingi kilikuwa kimoja: utawala bora (alama 1). Kipengele muhimu kilipovunjwa, ibara ya 96 iliruhusu mashauriano, na yaliposhindikana, hatua (alama 1). Kuhusu utawala bora, hatua zilikuja pale palipokuwa na ufisadi mkubwa tu, kwa ibara ya 97 (alama 1).

Mfano ni Burundi. Baada ya machafuko ya 2015, mashauriano yalishindikana, na Machi 2016 Umoja ulisimamisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali. Hatua hiyo iliondolewa Februari 2022 (alama 1).

Cotonou imefuatwa na Mkataba wa Samoa, uliotiwa saini Novemba 2023. Swali likisema "mkataba wa sasa", jibu ni Samoa.

6. Eleza kazi na mipaka ya waangalizi wa uchaguzi wa Umoja wa Ulaya nchini Kenya. (alama 8)

Mwangalizi hutazama, hurekodi, hutathmini na kupendekeza. Hasimamii uchaguzi, hahesabu kura, wala hatangazi mshindi. Huja kwa mwaliko wa nchi. Umoja wa Ulaya ulituma ujumbe Kenya mwaka 2002, 2007, 2013, 2017 na 2022. (alama 2)

Kazi moja kuu ni kulinganisha. Mwaka 2007 ujumbe uliongozwa na Alexander Graf Lambsdorff. Huko Molo, waangalizi walikuwapo matokeo ya urais yalipotangazwa katika eneo bunge: kura 50,145 za Mwai Kibaki. Nairobi, tume ya uchaguzi ilitangaza 75,261 za eneo hilohilo. Taarifa ya Januari 2008 ilisema uchaguzi haukufikia viwango vya kimataifa. (alama 2) Zitazame namba hizo mbili kwa makini. Mwangalizi hakuhitaji kumtuhumu mtu. Alihitaji kuwapo mahali pawili na kuandika alichokisikia. Ndiyo sababu leo msimamizi wa kituo, Malindi au Ganze, hutakiwa kubandika Fomu 34A mlangoni kabla ya kuondoka: raia yeyote aweze kulinganisha vivyo hivyo.

Mpaka wa kwanza ni muda. Taarifa ya awali hutolewa siku chache baada ya kura, kabla mambo yote hayajajulikana. Mwaka 2017 taarifa za mapema za waangalizi wa kigeni, ukiwemo ujumbe wa Ulaya chini ya Marietje Schaake, zilieleweka na wengi kuwa kibali. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais. (alama 2) Fundisho la mtihani: taarifa ya awali si hukumu.

Mpaka wa pili ni mamlaka. Mwangalizi hafuti uchaguzi. Mahakama ndiyo inayofuta. Mfano wa karibu ni Magarini, ambako mahakama ilifuta matokeo ya ubunge ya 2022, na uchaguzi mdogo ukafanyika Novemba 2025. (alama 2)

7. "Sera ya nje ya Ulaya inaweza kukuza haki kwa upande mmoja na kuhatarisha haki kwa upande mwingine." Jadili kwa kurejelea Dakatcha. (alama 15)

Hili ni swali kubwa la mada. Lipe dakika 25.

Msitu wa Dakatcha uko Magarini, kaskazini-magharibi ya Malindi, upande wa Marafa. Wakaaji wake ni Wagiriama na Wawata: wanalima, wanafuga nyuki, na wanayo makaya na makaburi ya wazee wao humo. Ni makao ya mnana wa Clarke, ndege asiyepatikana popote duniani ila Kilifi. (alama 2)

Ardhi hiyo ilikuwa ardhi ya amana. Ardhi ya amana ni ardhi ya jamii iliyoshikwa na halmashauri kwa niaba ya wakaaji. Kisheria, mwenye kusaini alikuwa halmashauri ya Malindi, si mkulima aliyezaliwa hapo. Aliyeshika amana anaweza kuikodisha kabla mwenyewe hajasikia. Huu ndio udhaifu wa ndani, na jibu lisiloutaja ni nusu jibu. (alama 2)

Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo la nishati jadidifu: ifikapo 2020, asilimia 10 ya nishati ya usafiri itoke katika vyanzo jadidifu. Lengo lilikuwa jema, kupunguza hewa chafu. Matokeo yake yalikuwa soko la uhakika la mafuta ya mimea, na makampuni yakatafuta ardhi Afrika. (alama 2) Kampuni ya Kenya iliyomilikiwa na kampuni ya Milan, Italia, iliomba hekta 50,000 za Dakatcha ili kupanda jatrofa, mmea unaoitwa pia mbono kaburi. Mashirika yaliyopinga yalikadiria kwamba watu zaidi ya 20,000 wangeathirika. (alama 2)

Sasa shika hoja ya uwiano. Agizo la 2009 liliweka masharti ya lazima kuhusu hewa chafu na bayoanuwai. Kuhusu haki za ardhi za wakaaji, halikuweka sharti la lazima. Liliitaka Tume ya Ulaya iandike ripoti tu kila miaka miwili. Mnana wa Clarke alikuwa na ulinzi wa sharti. Mama wa Kigiriama mwenye shamba la mihogo alikuwa na ulinzi wa ripoti. Haya yalipitishwa mwaka uleule ambao ibara ya 21 ilianza kutumika. (alama 3) Huo ni upungufu wa kweli, na mtahiniwa auseme waziwazi.

Upinzani ulitoka pande mbili. Wanakijiji walikataa, na mashirika ya Nature Kenya, ActionAid na RSPB la Uingereza yaliubeba ujumbe wao hadi Ulaya. Utafiti waliouchapisha 2011 ulionyesha kwamba jatrofa ya Dakatcha ingetoa hewa chafu mara 2.5 hadi 6 zaidi ya mafuta ya kawaida, kwa sababu msitu ungefyekwa kwanza. Mradi huo mkubwa haukuendelea. (alama 2)

Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha asilimia 7 kwa mafuta yatokanayo na mazao ya chakula na mengine ya shambani. (alama 1)

Hitimisho: Dakatcha haikuokolewa na sera ya haki za binadamu ya Ulaya, ilitetewa na wakaaji wake dhidi ya sera ya nishati ya Ulaya, wakisaidiwa na raia wa Ulaya. (alama 1) Usiseme "Ulaya" kana kwamba ni mtu mmoja. Tenganisha Umoja, kampuni na mashirika ya kiraia.

8. Eleza tukio moja ambapo Umoja wa Ulaya ulisimamisha fedha zake Kenya kwa sababu ya haki za binadamu. (alama 3)

Januari 2018 Umoja ulisimamisha mradi wa kuhifadhi vyanzo vya maji wa euro milioni 31 (alama 1) baada ya mtu mmoja wa jamii ya Wasengwer kuuawa kwa risasi msituni Embobut wakati wa kuwafurusha wakaaji (alama 1). Ni mfano wa masharti ya misaada (alama 1). Wasengwer walikuwa wamelalamika kabla ya kifo hicho. Hoja hiyo haina alama hapa, lakini iandike ukiulizwa udhaifu wa masharti.

9. Mkulima wa Magarini anadai kwamba mradi wa kampuni ya Ulaya unavunja haki yake ya ardhi. Taja mahali panne anapoweza kulalamika, na mahali pamoja asipoweza kufika moja kwa moja. (alama 5)

(a) Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Malindi. (b) NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, kuhusu tathmini ya athari za mazingira. (c) Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, iliyokwisha kufanya uchunguzi wa hadhara kuhusu makampuni ya chumvi Magarini na kutoa ripoti 2006. (d) Ubalozi wa Umoja wa Ulaya Nairobi, ambao una mwongozo wa 2004 wa kuwalinda watetezi wa haki. Ubalozi husikiliza na kuuliza, hauhukumu. (alama 4)

Asipoweza kufika moja kwa moja: Bunge la Ulaya, kwa njia ya ombi rasmi. Haki ya kupeleka ombi hilo ni ya raia wa Umoja, au mtu au shirika lenye makao katika nchi mwanachama. Mkulima wa Marafa si mmoja wao. Atahitaji shirika la Ulaya limpelekee. (alama 1)

Angalizo: agizo la 2024 linalozitaka kampuni za Ulaya zichunguze madhara ya shughuli zao kwa haki za binadamu linahusu kampuni kubwa sana tu, na mwaka 2025 utekelezaji wake uliahirishwa. Usiliandike kama njia ya tano.