Mwanangu Anapiga Fidla, Mimi Sijui Noti Hata Moja

Wazazi wenzangu wakisikia mwanangu anajifunza fidla, swali lao huwa moja: "Na wewe unamsaidiaje, wakati hujui kupiga chochote?" Ni kweli, sijui. Mimi ni fundi cherehani, na sikuwahi kushika chombo cha muziki kabla ya huyu mtoto. Lakini muziki una mwalimu wake. Mzazi ana kazi nyingine kabisa: chombo kiwe kinapigika, kiwe karibu, kiwe na wakati wake, na nyumbani pawe na mtu anayefurahi kukisikia. Mambo hayo hayahitaji kusoma noti. Na mtoto akiyakosa, hata apate mwalimu bora Unguja nzima, atachoka mapema.

Naanza na ukubwa wa fidla, kwa sababu hapo ndipo fedha hupotea. Fidla ya mtu mzima huandikwa 4/4. Chini yake kuna 3/4, 1/2, 1/4, 1/8, mpaka 1/16 kwa watoto wadogo sana. Hizo ni namba za saizi tu. Fidla ya 1/2 si nusu ya urefu wa ile kubwa. Kumpima mtoto ni rahisi. Aiweke begani kama anapiga, kisha anyooshe mkono wa kushoto hadi kwenye kichwa cha fidla, pale palipojikunja mithili ya kombe. Vidole vikikizunguka kichwa huku kiwiko kimelegea kidogo, saizi ni yake. Mkono ukinyooka wote na bado anatafuta, ni kubwa. Najua tulivyozoea kununua vitu vya watoto kwa hesabu ya "atakua nayo". Sare ya shule naishona mwenyewe na naiachia upindo wa kutosha miaka miwili. Fidla haina upindo. Ikiwa kubwa, bega linapanda, shingo inauma, kidole cha nne hakifiki mahali pake, na mtoto anaamini kwamba hana kipaji.

Ya mtumba si mbaya. Kuna mpya za bei ya chini sana zinazong'aa dukani, lakini vigingi vyake havikazi: ukivuta uzi, unarudi wenyewe. Kabla hujalipa, kaza kila kigingi, ngoja dakika kumi, usikie kama sauti imeshuka. Kama unaweza kwenda na mwalimu, nenda naye. Mimi nilikwenda naye, na alizikataa mbili ambazo machoni pangu zilikuwa nzuri kuliko ile tuliyoondoka nayo. Kile kiegemeo cha bega kinachouzwa pembeni si lazima mwanzoni. Kata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, mpya bila shaka, ukifunge chini ya fidla kwa mpira wa kufungia fedha. Walimu wengi duniani hufanya hivyo kwa watoto wadogo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona ndilo linalookoa au kuua mazoezi: kulinganisha nyuzi. Mtoto wa darasa la pili hawezi kufanya hivyo peke yake, na fidla iliyopotoka sauti hufanya kila anachopiga kisikike kibaya hata vidole vikiwa sawa. Basi hii ikawa kazi yangu. Nyuzi ni nne: kuanzia nene, sol, re, la, mi. Kwenye simu unaweka programu ya kupimia sauti, ambayo huandika herufi G, D, A, E. Muulize mwalimu kwanza anataka zilinganishwe vipi, kwa maana wapigaji wa muziki wa Kiarabu mara nyingi huzishusha zile mbili nyembamba, la ikawa sol na mi ikawa re.

Anza na la, mitetemo 440 kwa sekunde. Kama tofauti ni ndogo, gusa tu ile skrubu ndogo iliyo upande wa kidevu. Ikiwa kubwa, nenda kwenye kigingi, na hapa mkono uwe mpole: kwanza ulegeze uzi kidogo, kisha upandishe taratibu huku unakisukuma kigingi ndani ya tundu lake, kidogo mno kila mara. Uso uwe mbali. Uzi wa mi ni mwembamba na hukatika bila taarifa, kwa hiyo weka wa akiba kwenye kasha. Mtoto asimame karibu akusikilize. Mwanangu sasa husema "bado, Mama, bado… hapo!" kabla sindano ya kwenye simu haijafika katikati, na sikio hilo amelipata kwa kusimama tu pembeni yangu.

Pwani ina mambo yake. Masika vigingi hunywa unyevu, huvimba na kukwama. Kwenye ukavu hulegea na nyuzi zote zikaanguka usiku mmoja. Kigingi kinachoteleza kipake chaki, kinachokwama kipake sabuni kavu ya kipande. Vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, vitie ndani ya kasha. Nyuzi zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, maana jasho na hewa ya chumvi huzila haraka. Upinde ulegezwe kila mara, la sivyo mti wake hupinda na singa za farasi huisha. Na fidla isiachwe ndani ya gari lililokaa juani. Imeungwa kwa gundi inayolainika kwa joto. Ukibadilisha nyuzi, toa mmoja, weka mmoja. Daraja linalozibeba halikugundishwa, limesimama kwa mkazo wa nyuzi tu, na ndani ya tumbo la fidla kuna kijiti kingine kilichosimama kwa kubanwa vivyo hivyo. Ukizitoa zote kwa pamoja, vyote viwili vinaweza kuanguka, na kijiti hicho hutakirudisha wewe.

Wakati wa kupiga ulitusumbua zaidi ya chombo. Mtoto wa Unguja ana shule, ana chuo cha Kurani, ana kazi za shule, na anataka kucheza chini na wenzake. Kwetu nafasi iliyopatikana ni kati ya kurudi chuoni na adhana ya magharibi. Ni fupi, na ufupi huo ndio uliotufaa. Kwa anayeanza, dakika kumi za kila siku zinashinda saa nzima ya Jumamosi, kwa sababu vidole husahau haraka. Adhana ikianza, upinde unawekwa chini. Sihitaji kumwambia mtoto kwamba muda umekwisha. Na fidla haikai juu ya kabati. Inakaa kwenye kasha lililo wazi juu ya meza ya pembeni, mbali na jua na mbali na mdogo wake. Chombo kinachohitaji kiti ili kifikiwe hakitapigwa siku ambayo mama amechoka.

Ramadhani hatupigi. Vikundi vya taarabu navyo hupumzika, na bibi yake asingekubali vinginevyo. Mwezi huo mtoto anashika fidla mchana bila upinde, anapitisha vidole kwenye nyuzi kimya kimya, na anasoma noti kwa kuzitaja. Mwalimu ndiye aliyetushauri hivyo. Bibi mwenyewe, niseme ukweli, hakuwa radhi na fidla tangu mwanzo, na sikubishana naye. Nilimwahidi kwamba chuo hakitaguswa, na hakikuguswa. Nimeona pia kwamba mtoto aliyezoea kuhifadhi, kifungu kidogo kwa kukirudia, kisha kingine, kisha kuviunganisha, anapopewa wimbo mgeni anajua pa kuanzia. Sivifananishi viwili hivyo, nasema nilichokiona.

Kuhusu kukaa naye wakati anapiga: mwanzoni kaa, na kaa kweli, simu ikiwa kwenye kulinganisha nyuzi tu. Lakini usisahihishe sauti. Tena hapa Unguja usisahihishe kabisa kwa kutumia ile programu. Taarabu ya asili ina maqamu kama rast na bayati, na ndani yake kuna sauti zinazokaa katikati, si bemoli wala si ya kawaida. Fidla inaziweza kwa sababu shingo yake haina vizuizi kama vya gitaa. Mtoto akipiga sauti ya tatu ya rast sawasawa, programu itamwonyesha amekosea. Sasa mzazi asiyejua, ameshika simu, anamkemea mtoto aliyepatia. Mwachie mwalimu.

Badala ya "fanya mazoezi", mimi huuliza, "Leo panakusumbua wapi?" Atanionyesha. Halafu:

"Basi nipigie hapo tu. Polepole."

"Wimbo wote?"

"Hapana, sauti hizo nne tu."

Watoto wakiachwa hupenda kuanza mwanzo wa wimbo kila mara, wakikwama wanarudi mwanzo. Matokeo yake mstari wa kwanza unapigwa mara nyingi na pale pagumu panaguswa kidogo tu. Kuanza na pagumu, kisha kumaliza na anachokipenda, kumebadilisha dakika zetu kumi kuliko ushauri mwingine wowote. Siku nyingine namwomba anifundishe mimi. Ananishikisha upinde: kidole gumba kikunjwe, kisinyooke, kidole kidogo kisimame juu ya mti kwa ncha yake. "Mama, mkono wako umekakamaa." Anaposema hivyo na mkono wake unalegea papo hapo.

Kusikia kunatangulia kupiga. Shinichi Suzuki, mpiga fidla wa Japani aliyezaliwa 1898, alijenga mfumo wake mzima wa kufundisha juu ya hilo: mtoto asikilize nyimbo kila siku kama anavyosikia lugha ya mama yake, na mzazi ahudhurie masomo. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali. Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na katika vikundi hivyo fidla hukaa safu nzima. Chuo cha muziki cha Dhow Countries kilianzishwa hapa mwaka 2002, na watoto husikia vyombo vikipigwa na watu wanaowafahamu. Mpeleke mtoto kwenye mazoezi ya kikundi ukiweza kuomba ruhusa, si maonyesho tu. Kwenye mazoezi anaona wazee wanakosea, wanacheka, wanarudia. Na mpeleke akasikie kidumbaki harusini, fidla moja mbele ya besi ya sanduku na vingoma viwili, inavyokwenda mbio. Mwanangu alirudi kutoka huko akataka kupiga kila kitu kwa kasi. Mwalimu hakufurahi sana. Mimi nilifurahi.

Jambo moja nalikataza nyumbani kwangu: mgeni kuingia na mtoto kuambiwa "haya, mpigie shangazi". Sikukuu watu wanajaa, kila mmoja anataka kuona fidla. Namuuliza mtoto siku moja kabla, faraghani, kama angependa kupiga na angependa kupiga nini. Akikubali, anachagua wimbo anaoujua vizuri, si ule mpya. Akikataa, mimi ndiye ninayewaambia wageni. Shangazi hukasirika kidogo, kisha hula halua yake.

Majirani wa fleti za Michenzani nao ni watu. Niliwaeleza mapema saa tunayopiga. Kuna kizuizi kidogo cha mpira kinachopachikwa kwenye daraja kupunguza sauti, nacho hutumika mtoto wa jirani akiwa anaumwa. Kukiwa na msiba kwenye ngazi yetu, kwa kawaida hatupigi kabisa.

Itafika siku atasema hataki tena. Kabla ya kujibu, kagua. Nyuzi zimezeeka? Fidla imekuwa ndogo? Wimbo aliopewa umempita uwezo? Shingo inauma? Mara nyingi neno "sitaki" linatoka kwa mtoto anayeumwa bega na hajui kulieleza. Zungumza na mwalimu bila mtoto kuwepo, mwombe arudi nyuma wimbo mmoja au ampe kitu cha kuchezea. Kama baada ya hayo bado hataki, mpe likizo hadi mwisho wa muhula, fidla ibaki palepale kwenye meza yake. Kama hata hapo hakuigusa, labda chombo chake ni kingine. Wako wanaotoka fidla wakaenda udi wakatulia. Akitaka kanuni, jiandae: ina nyuzi zaidi ya sabini, tatu tatu kwa kila sauti, na atakayezilinganisha ni wewe.

Mitihani ya madaraja, ile inayokwenda kutoka la kwanza hadi la nane, sina ugomvi nayo. Inamfaa mtoto anayependa kuwa na tarehe mbele yake. Wangu hapendi, basi hatuna haraka.

Mtoto akipita saizi, ile fidla ndogo usiitundike ukutani kuwa pambo. Weka uzi mpya wa mi, legeza upinde, tia kile kipande cha sponji ndani ya kasha pamoja na rozini ya upinde iliyobaki, halafu muulize mwalimu ni mwanafunzi gani mpya anayeitafuta. Saizi ndogo ni adimu hapa, na bei uliyonunulia ya mtumba ndiyo bei ya kuuzia.