Tamaa Huzaa Vita: Shamba la Nabothi na Mto Kagera

Masomo: 1 Wafalme 21:1-19, Yakobo 4:1-10, Luka 19:1-10

Ndugu Wakristo, wengi wetu twadhani kwamba vita ni mambo ya wakuu, nasi hutuangukia tu kama mvua ya mawe. Mtume Yakobo hakubali. Anapotafuta chanzo cha vita haendi ikulu wala kambini. Huingia moyoni mwa mwamini, na humo huikuta tamaa.

1. Shamba la jirani

Ahabu alikuwa mfalme mwenye mali nyingi. Alichokosa ni shamba moja la mizabibu, urithi wa Nabothi kutoka kwa baba zake. Alipokataliwa alijilaza kitandani, akasusa chakula kama mtoto. Kisha Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme, wakapatikana mashahidi wa uongo, na Nabothi akapigwa mawe. Angalieni hatua zake: kwanza kutamani, pili kununa, tatu uongo, nne damu.

2. Mto Kagera

Sisi wa kando ya Ziwa hatuna haja ya kwenda Yezreeli kuona mfano. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini mwetu, na tarehe 1 Novemba serikali yake ikatangaza kwamba nchi yote hadi Mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800, ni mali ya Uganda. Uongo nao ulikuwapo: Uganda ilidai kwamba Tanzania ndiyo iliyoanza kuvamia. Raia waliuawa, maelfu ya ng'ombe wakaswagwa, kiwanda cha sukari kikaporwa, na daraja la Kyaka likavunjwa.

Hata Mwanza ilifikiwa. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilikuja kuyapiga matangi ya mafuta ya mji wetu. Ikakosa shabaha, na mabomu yakaua wanyama katika Kisiwa cha Saanane.

Uganda nayo ilikuwa na Eliya wake. Februari 1977 maaskofu wa Kanisa letu huko walimwandikia Amin kupinga mauaji na dhuluma. Tarehe 16 ya mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa.

3. Tamaa haina uraia

Tusimnyoshee Amin kidole tukajisahau. Januari 1979 askari wetu walipoteka Mutukula, ng'ambo ya mpaka, waliubomoa mji ule kulipiza kisasi, na raia wakauawa. Mwalimu Nyerere alisikitika sana, akaagiza kwamba tangu hapo raia na mali zao wasidhuriwe. Kulinda nchi ni wajibu. Lakini kisasi ni tamaa iliyovaa nguo nyingine.

Kampala ilitekwa Aprili 1979, na kwa gharama za vita Mwalimu alituomba tufunge mikanda miezi 18. Shida ilidumu kuliko hiyo. Watu walipanga foleni kwa ajili ya sukari na sabuni, na huku wenzao wakivificha wapate bei ya ulanguzi, hata mwaka 1983 serikali ikaanza msako wa wahujumu uchumi. Mtu aliyelala juu ya magunia ya sukari huku mtoto wa jirani akinywa uji bila sukari hakuwa na kifaru wala bunduki. Lakini mbegu iliyokuwa moyoni mwake ni ile ile ya Ahabu. Vivyo hivyo mvuvi anayeiba mashine ya mwenzake, na ndugu anayeng'oa mipaka ya shamba la mjane.

4. Njia ya amani

Amani ya Kristo si kunyamaza kwa bunduki tu. Katika nyumba ya Zakayo twaona namna inavyoingia. Zakayo hakusema tu kwamba amesikitika. Alisimama, akaahidi maskini nusu ya mali yake, na kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Toba isiyorudisha cha watu ni maneno matupu.

Na aliyedhulumiwa? Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikimbia Uganda baada ya kuuawa kwa Luwum. Mwaka huo huo wa 1977 alitoa kitabu ambacho jina lake lasema kwamba anampenda Idi Amin. Hakuuita uovu wema, wala hakunyamaza juu ya mauaji. Alikataa tu kumruhusu Amin autawale moyo wake kwa chuki. Basi amani ina mikono miwili: mmoja hurudisha, mwingine husamehe. Mmoja ukikosa, kazi haikamiliki.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika hatua nne za Ahabu, ni ipi iliyo rahisi kuikomesha? Kwa nini?
2. Je, kuna kitu nyumbani mwako kilicho cha mtu mwingine? Utakirudisha lini?
3. Mkristo aweza kuitetea nchi yake bila kumchukia adui? Jadilini.
4. Katika mtaa wetu, ugomvi gani umeanza kwa tamaa, nasi tufanye nini?

Tuombe

Ee Bwana, utuondolee jicho la kutamani cha jirani. Utupe moyo wa kurudisha na moyo wa kusamehe, ili nchi zote zilizozunguka Ziwa hili zikae kwa amani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.