Mwalimu Nyerere na Injili Silabi kwa Silabi

Somo: Wakolosai 3:16, Luka 19:1-10



Nilipokuwa nasomea biashara, Ujamaa tulifundishwa kama mfano wa namna ya kuua uchumi. Sijabadilisha mawazo sana. Miaka ya 70 watu wengi Tanzania walihamishiwa vijijini kwa nguvu. Kwa hivyo simleti Mwalimu Julius Nyerere hapa kama malaika. Namleta kwa sababu ya kalamu yake.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa chifu wa Wazanaki, akabatizwa 1943 akiwa kijana mkubwa. (Ndiyo, Mkatoliki. Tulia kwanza.) Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, lakini mwaka 1963, akiwa rais, alitoa tafsiri ya Julius Caesar ya Shakespeare, na 1969 Mabepari wa Venisi. Chama chake hakikuwa na dini. Yeye mwenyewe misa hakuacha. Mwaka 1970 huko New York aliwaambia masista wa Maryknoll wazi kwamba kanisa lisilosimama na maskini litahesabiwa pamoja na wanaowaonea.

Aliachia urais 1985. Mwaka 1996 zikachapishwa tenzi zake: Injili zote nne, tena na Matendo ya Mitume.

Sasa, utenzi si mchezo. Kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na kina cha kipande cha nne kinarudi utenzi mzima. Katika kazi kama hiyo huwezi kuruka neno linalokukera. Ukifika pale tajiri anaambiwa auze vyote, itabidi ukae hapo uhesabu silabi moja moja. Hebu fikiria mzee aliyetawala zaidi ya miaka 20, amekaa na maneno ya Yesu juu ya wakubwa wanaowatawala watu kwa mabavu, anayatafutia vina.

Paulo anataka Neno likae ndani yetu kwa wingi, hata litoke kama wimbo. Sisi Wapentekoste tunajua kulipokea kwa shangwe. Jumatatu je?

Nilijaribu habari ya Zakayo. Beti mbili zilinichukua jioni nzima. Nilipofika pale anapoahidi kurudisha mara nne, nikakwama, wala si kwa sababu ya vina. Kuna fundi niliyemkata elfu mbili nikidai kazi yake ni mbovu, na pikipiki ikaendelea kunibeba vizuri tu. Kifungu hicho nimekihubiri mara ngapi? Jumanne nilimpigia simu.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii: chukua Luka 19:8, uiandike kwa maneno yako mwenyewe, mistari minne, hata bila vina. Uje nayo Alhamisi.