Gari la Maiti na Bima Yake

Katika darsa za mirathi huulizwa sana habari za nyumba na mashamba, na ni nadra mtu kuuliza habari za gari. Ilhali gari ni mali ya namna yake peke yake. Nyumba ikifungwa hata mahakama imalize kazi yake haimdhuru mtu. Lakini gari likitoka barabarani kabla ya mambo yake kutengenezwa, laweza kumwua mpita njia, na madai yake yakaila tarika yote. Kwa hivyo tumeona yafaa tuieleze mas-ala hii.

Tuchukue mfano. Mtu wa pwani alihamia Migori kwa biashara, akafa huko. Hana wazazi walio hai. Ameacha mke, wana wawili wanaume na binti mmoja. Katika mali yake mna gari alilokuwa akichukulia bidhaa kwenda Homa Bay kwa njia ya Rongo. Mwana mkubwa ashika ufunguo. Kiooni mna cheti cha bima ambacho muda wake haujesha. Asema: “Bima ipo, logibuku tutaigeuza baadaye.” Je, maneno yake ni sawa?

La kwanza, na tujue gari hilo ni la nani. Sura ya An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, zimetanguliza deni na wasia kabla ya mafungu. Vikisha kutolewa hivyo, mke hupata thumni, na kilichobaki hugawanywa kwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Tukilifanya gari mafungu 40, mke ana 5, kila mwana mwanamume ana 14, na binti ana 7. Basi huyu aliyeshika ufunguo ana 14 tu. 26 ni ya wenziwe. Akiliendesha bila ya idhini yao, atumia mali ya watu, na likiharibika mkononi mwake dhamana ni juu yake. Na ikiwa yule binti hajabaleghe, idhini yake haipatikani kwa kunyamaza kwake. Mali yake haiguswi ila kwa lenye maslaha naye.

La pili ni sheria ya nchi. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, katika kifungu cha 2 imeacha mirathi ya Mwislamu igawanywe kwa sheria ya Kiislamu, lakini taratibu za kusimamia mali zisizopingana na sheria hiyo zinamhusu naye pia. Miongoni mwa hizo ni kifungu cha 45, kinachomkataza mtu kuiingilia mali ya maiti pasina ruhusa. Tena Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, inakataza gari kutumiwa barabarani bila ya bima ya kumlinda mtu wa tatu anayeumia au kufa. Bima hiyo ya lazima hailipi gari lenyewe, na kwa dai la mtu mmoja haizidi shilingi 3,000,000. Linalozidi humrudia mwenye kudaiwa. Na kwa Sheria ya Trafiki, ambaye jina lake limo katika daftari huhesabiwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibiti kinyume. Basi maadamu jina ni la maiti, mashaka yataelekea kwenye tarika yake.

La tatu ni kile cheti cha kiooni. Bima ni mapatano baina ya watu wawili, na mmoja wao amekufa. Mwaka 1964 Baraza la Malodi la Uingereza lilihukumu kesi kama hii iliyotoka Uskoti. Baba alikuwa amempa mwanawe ruhusa ya kuendesha gari. Baba akafa, mwana akaendelea kuliendesha, na ajali ikatukia miezi kadha baadaye. Kampuni ikakataa kulipa, ikidai kwamba ruhusa ilikufa na baba. Wengi wa mahakimu waliona kwamba ruhusa ilikuwa bado ipo. Lakini wote hawakuafikiana, na mambo yalisimama juu ya maneno ya mkataba ule. Haimfalii mwenye akili kuiweka mali ya mayatima juu ya shauri ambalo mahakimu wakubwa walikhitalifiana kwalo.

Basi afanyeje? Gari lisimame. Kampuni ya bima iarifiwe mauti kwa barua, nayo ijibu kwa barua kama ulinzi wabaki au la, na ni nani aruhusiwaye kuendesha. Warithi wakusanyike wamchague msimamizi, kisha waende mahakamani. Ikiwa kuna haraka, kama bidhaa zinazooza au gari lililo mahali pa hatari, mahakama yaweza kutoa ruhusa ya muda ya kukusanya na kuhifadhi mali. Msimamizi akisha kupata hati yake, akate bima kwa jina lake na wadhifa wake wa usimamizi, akiieleza kampuni ukweli wote. Ada yake ni gharama ya kuihifadhi tarika. Iandikwe na warithi wote waione. Logibuku itafuata, kwa yule atakayepewa gari au atakayelinunua.

Jambo la kutahadhari sana ni kuhuisha bima kwa jina la maiti kana kwamba yu hai. Huo ni uongo, na juu ya uongo ni hasara, kwani kampuni yaweza kwenda mahakamani ikaomba mkataba ubatilishwe kwa sababu ya kufichwa habari.

Huenda mtu akasema kwamba bima yenyewe ina shaka. Ni kweli kwamba Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, huko Jidda mwaka 1985, iliikataa bima ya biashara na ikaikubali ya kusaidiana. Nchini Kenya kampuni ya kwanza ya takaful ilianza kazi mwaka 2011. Mwenye shaka na aulizie njia hiyo. Lakini shaka hiyo si udhuru wa kutoka barabarani bila ya ulinzi. Mpita njia wa Rongo aliyevunjwa mguu hana khitilafu na sisi katika fiqhi. Ana haki juu yetu.

Wallahu aalam.