Akaunti Mbili, Mwenyewe Mmoja

SWALI: Nahariri Wikipedia ya Kiswahili. Je, nikifungua akaunti ya pili kwa ajili ya kompyuta za maktaba, nitahesabiwa mdanganyifu?

JIBU: La hasha, ndugu yangu. Kanuni za Wikipedia hazimharamishii mtu akaunti ya pili, maadamu sababu yake ni ya wazi, na hiyo yako ya kuiepusha nywila ya akaunti kuu na mashine za umma ni katika zinazokubaliwa. Ila yafaa utaje katika ukurasa wa kila moja kwamba mwenyewe ni mmoja. Kilichokatazwa ni hila: mtu kujigeuza jamaa nzima, akajiunga mkono mjadalani, au akarejea kwa jina jipya ilhali la kwanza limefungiwa. Mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilizifunga akaunti 381 kwa mpigo, zilizoshukiwa kuandika makala kwa malipo ya siri na kuwatoza watu fedha ili makala zao zihifadhiwe, jambo ambalo kwangu ni unyang'anyi mtupu. Wala majina hayafichiki sana, kwani wako wakaguzi wachache wenye idhini ya kutazama anwani za intaneti zilizotumika, nao hulinganisha hata mtindo wa uandishi na saa za kuhariri.