Kuendesha Maigizo ya Parokia Pale Waumini Wanapopungua

Mwaka 2022 Wakatoliki zaidi ya 500,000 walijitoa rasmi katika Kanisa nchini Ujerumani. Mwaka huohuo, kijijini Oberammergau, Bavaria, watu zaidi ya 1,500 walipanda jukwaani kuigiza Mateso ya Yesu, kutimiza nadhiri iliyowekwa na wazee wao mwaka 1633 wakati wa tauni. Uigizaji si kazi yao. Kama kikundi chako kinakosa watu, jifunze kwao.

Kwanza, usichague waigizaji kwa kuangalia nani anaonekana misani. Oberammergau sharti ni kuwa umezaliwa pale au umeishi pale miaka 20. Mwaka 2022 mmoja wa walioigiza Yuda alikuwa Cengiz Görür, kijana Mwislamu mzaliwa wa kijiji. Milango hiyo haikufunguka kirahisi. Wanawake walioolewa waliruhusiwa mwaka 1990 tu, tena baada ya kwenda mahakamani. Basi mwalike jirani asiyesali, umpe maneno ya kusema. Ukimwachia kupanga viti, hatarudi.

Hata hivyo, usiipunguze hadithi ili kumridhisha. Vikundi vingi huharibikia hapa: Yesu hugeuzwa mtu mpole mwenye nasaha, msalaba ukapitiwa haraka. Huko ni kumdharau mgeni, ambaye amekuja kuona mnachokiamini.

Kinachopaswa kuondolewa ni dhuluma. Kwa karne nyingi igizo la Oberammergau liliwabebesha Wayahudi wote lawama ya kifo cha Yesu. Hitler alilitazama mwaka 1934, na baadaye akalisifu. Mwongozaji Christian Stückl, aliyeanza na onyesho la mwaka 1990, amelisahihisha awamu kwa awamu, na sasa Yesu anasali kwa Kiebrania kama Myahudi aliyekuwa. Kabla ya mazoezi, soma mswada wenu pamoja na mtu wa dini inayotajwa humo, na uwe tayari kufuta.

Wahusika wakuu wapewe waigizaji wawiliwawili, kama wafanyavyo kule: mmoja akiwa zamu kazini, mwenzake anaingia. Wekeni pia desturi moja ya kuwafunga pamoja. Wao huacha kukata nywele na ndevu tangu Jumatano ya Majivu ya mwaka unaotangulia onyesho. Ninyi mnaweza kula pamoja kila baada ya mazoezi.

Siku ya onyesho, mwombe paroko asihubiri pazia likifungwa. Chai iwe tayari ukumbini, naye akae na waigizaji, ili mwenye swali amkute hapo.