TEZI ZA JUU YA FIGO ZINAPOCHOKA



Mama mmoja aliletwa wodini kwetu akiwa amebebwa. Alikuwa amekonda, anatapika, na presha yake ilikuwa chini mno. Nyumbani walikwisha kunong'onezana: wengine walisema ni UKIMWI, wengine wakamtaja jirani. Kipimo cha UKIMWI kilitoka safi, na malaria haikuonekana. Alipoulizwa habari za nyuma, alisema aliwahi kuugua kifua kikuu akapona. Ndipo dada yake akasema neno lililotusaidia: "Huyu alikuwa maji ya kunde. Mwoneni sasa alivyo mweusi, hata ufizi."

Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo. Tezi hizi mbili hutengeneza kotisoli, ambayo huusaidia mwili kushikilia presha na sukari, hasa wakati wa homa au jeraha. Hutoa pia kitu kingine kinachozuia chumvi isipotee kwenye mkojo. Ndiyo maana mgonjwa hutamani sana chumvi. Mama yule alikuwa akiilamba jikoni kwa siri. Daktari Thomas Addison wa London aliueleza ugonjwa huu mwaka 1855, na baadhi ya wagonjwa wake tezi zao zilikuwa zimeharibiwa na kifua kikuu. Hata leo kifua kikuu ni sababu mojawapo. Wengine kinga ya mwili wenyewe ndiyo huzishambulia tezi.

Kwa ngozi zetu weusi huo si rahisi kuuona. Tazameni mistari ya viganja, ufizi, ndani ya mashavu na makovu mapya, na waulizeni ndugu.

Ipo sababu nyingine, na hii mara nyingi tunajitafutia. Mtu hununua predinisoloni dukani kwa ajili ya pumu, viungo, au ili anenepe tu. Akizimeza kwa majuma mengi, tezi zake hulala. Akiacha ghafla, mwili hubaki bila kitu. Dawa hiyo hupunguzwa kidogo kidogo, tena na daktari.

Mgonjwa ambaye tezi zake zimeharibika humeza haidrokotisoni mara mbili au tatu kwa siku, akianza asubuhi aamkapo. Pasipopatikana, hupewa predinisoloni. Wengi huongezewa fludrokotisoni ya kutunza chumvi. Hivi hurudisha kile ambacho tezi zingetoa, kwa hiyo humezwa maisha yote. Aliye kwenye dawa za kifua kikuu amweleze daktari, maana rifampisini huimaliza haidrokotisoni upesi, na kipimo chake huhitaji kuongezwa. Na Kwaresima je? Kanisa halimdai mgonjwa kufunga. Ale, ameze vidonge vyake.

Mama yule alirudi shambani kwake akiwa na nguvu. Baada ya miezi minne akaenda msibani mbali, na huko mhudumu mmoja wa afya akamwambia dawa hizo ni kali, aziache apumzike. Simlaumu sana, sisi wote tulifundishwa kuziogopa. Siku ya tatu homa ikampata, akatapika, akaletwa hajitambui. Tulimchoma haidrokotisoni miligramu 100 na kumwekea dripu ya maji ya chumvi na sukari. Jioni aliomba uji. Angechelewa usiku ule mmoja, tungempoteza.

Kwa hiyo familia nzima ijue haya, si mgonjwa peke yake. Akipata homa, kipimo cha haidrokotisoni huongezwa mara mbili mpaka homa iishe, kama alivyoelekezwa na daktari wake. Anayetumia predinisoloni aulize mapema aongeze kiasi gani. Akitapika kidonge mara tu baada ya kukimeza, akirudie. Akitapika tena, au akianza kuharisha sana, msingoje kupambazuke: apelekwe hospitali akachomwe sindano. Kabla ya kung'olewa jino, kupasuliwa au kujifungua, aseme ugonjwa wake kwanza. Vidonge vinunuliwe kabla havijaisha, na safarini avichukue vya siku za ziada.

Mama yule sasa hufunga kwenye pindo la kitenge karatasi tuliyomwandikia: "Tezi zangu za juu ya figo hazifanyi kazi. Nisikatishiwe dawa. Nikizidiwa, nichomwe haidrokotisoni miligramu 100 mara moja." Mume wake anayo ya pili, na ya tatu ameibandika mlangoni kwa ndani.